Kadi ya Kitanda, Ugonjwa wa Kidonge

Siku ya kliniki ya presha na sukari kijijini kwetu, upande wa Konoin, ni Jumanne. Kufikia saa moja asubuhi, kabla ukungu haujainuka kutoka kwenye majani chai, benchi la dispensari huwa limejaa. Wazee hawaji mikono mitupu. Kila mmoja ana bahasha ya kaki au kifuko kilichoshonwa kwa kitambaa cha zamani, na ndani mna kitambulisho, kitabu cha kliniki na pakiti za vidonge vilivyokwisha. Pakiti hizo tupu ndizo kumbukumbu yao, maana majina ya dawa hayashikiki kwa ulimi wa mtu aliyelelewa kwa Kikipsigis. Ukimuuliza mtu anatumia nini, anakuonyesha: hii ya asubuhi, hii ya jioni, hii ya kukojoa.

Mwaka jana nilimsindikiza kogo, ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu. Muuguzi, msichana mpole ambaye wazee wote humwita daktari, alimsogezea kile kimashine cha alama za vidole. Kogo akaweka kidole gumba. Mashine ikakataa. Akajaribu cha shahada, ikakataa. Akaupangusa mkono kwenye leso, akajaribu mkono wa pili.

"Weka tena, kogo. Kaza kidogo."

Ikakataa.

"Hivi vidole vimeisha," muuguzi akasema, wala si kwa ubaya.

"Vimeisha kweli," kogo akamjibu. "Viliishia kule juu." Akaonyesha kwa kidevu upande wa mashamba ya kampuni, alikochuma chai kwa miaka zaidi ya thelathini.

Ikabidi itumwe nambari kwenye simu, na simu iliyosajiliwa ilikuwa ya binamu yangu aliyeko Nakuru. Tukapiga, tukangoja, akasoma nambari, muuguzi akaiandika. Mtambo ukamkubali kogo kuwa ndiye kogo. Ndipo muuguzi akafungua kabati.

"Ya presha imeisha. Ya sukari nakupea ya wiki mbili. Hiyo ingine mnunue nje."

Kogo alimtazama kwa muda. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake cha kambini: "Sasa hiyo kidole mlikuwa mnataka ya nini?"

Sote tulicheka, hata muuguzi. Lakini tangu siku ile, nikisikia mtu wa redio akisema kwamba wazee wa mashambani hawaielewi bima na wanahitaji kuhamasishwa, nalikumbuka swali hilo. Wanaielewa vizuri mno. Wameishi chini ya kila namna yake. Ukiisoma historia ya matibabu katika nchi hii ya chai, Kericho na Bomet, ukiwa umeketi kwenye lile benchi, utaona jambo moja likijirudia: watu wanajengewa bima ya kitanda, na ugonjwa wao ni wa kidonge.

Tuanze na maneno. Kwa Kikipsigis dawa ni *kerichek*, na hospitali ni *kapkerichek*, mahali pa dawa. Wako wanaosema jina la Kericho lenyewe limetoka hapo. Wengine hulitoa kwa Mmaasai aliyeitwa Ole Kericho, na ubishi huo sitauamua mimi. Ila tazama lugha ilivyochagua. Haikusema mahali pa daktari, haikusema mahali pa kulazwa. Ilisema mahali pa dawa. Mzee anayefika pale akaambiwa dawa hakuna, kwa lugha yake ameambiwa kwamba hapo si hospitali.

Na kama ni mambo ya serikali kuwatunza wasiojiweza, milima hii iliyaona mapema, isipokuwa waliotunzwa hawakuwa wenyeji. Mwaka wa 1919 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis kwa ajili ya maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemazwa na Vita Vikuu vya Kwanza. Mradi wenyewe ulijulikana kwa kifupi kama BEADOC. Maafisa walipanda kitani, bei ya kitani ikaporomoka, na baada ya miaka michache mradi ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za chai zikaingia, Brooke Bond na ile ya James Finlay, na vilima vikavaa kijani kile kile tunachokiona leo. Sijui msomaji atalionaje hilo. Mimi huona ajabu kwamba msaada wa kwanza wa serikali kwa walemavu katika eneo letu ulilipwa kwa ardhi yetu.

Kampuni zilihitaji mikono, na mikono inataka mwili mzima. Hivyo zikajenga dispensari ndani ya mashamba, na Brooke Bond ikawa na hospitali yake kuu pale Kericho. Wachumaji walitoka Gusii, Nyanza na kwa Waluhya, wakachanganyika na Wakipsigis, na ndiyo sababu wazee wa kambini wanaongea Kiswahili kisichokuwa na kwao. Wakiugua malaria waliandikwa kwenye daftari. Madaftari hayo yakaja kuwa na thamani ambayo hakuna mchumaji aliyeiwazia: wanasayansi waliyatumia kubishana iwapo mabadiliko ya tabianchi ndiyo yaliyoirudisha malaria kwenye nyanda za juu, na moja ya makala za ubishi huo ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka wa 2002. Homa za wachumaji wa Kericho zinajulikana hadi Oxford. Presha zao za uzeeni hazina daftari la namna hiyo, kwa sababu ziliwajia baada ya kuondoka kambini.

Kogo alianza kuchuma mwaka wa 1966. Akizungumza juu ya dispensari ya kampuni hasemi kwa mapenzi wala kwa chuki, anasema kama mtu anayeeleza saa za treni. "Ukiumwa asubuhi, saa nne umepewa dawa, saa tano umerudi kwa shamba." Dawa ilikuwa ya bure, naye hajasahau kwamba ubure wenyewe ulifungwa kwenye kikapu. Aliyechuma alitibiwa. Aliyeacha kuchuma alirudisha ufunguo wa nyumba, na dispensari aliiacha pamoja na nyumba.

Nje ya kambi mambo yalikuwa yakibadilika. Wamishenari wa Tenwek, karibu na mji wa Bomet, walikuwa wakitibu watu tangu miaka ya 1930, na mwaka wa 1959 wakampata daktari wao wa kwanza wa kudumu, Mmarekani Ernest Steury. Kisha uhuru ukaja. Mwaka wa 1965 serikali ya Kenyatta ikaifuta ada ya shilingi tano iliyokuwa ikitozwa mgonjwa wa kutibiwa na kurudi nyumbani. Wazee wa umri wa kogo wanaikumbuka ahadi ile ya kupigana na umaskini, ujinga na maradhi, na wengi wao hudhani hadi leo kwamba matibabu ya bure ndiyo hali ya kawaida, na kwamba mengine yote yaliyofuata ni hitilafu ya muda tu. Ukitaka kuelewa wanavyohisi juu ya bima, anzia hapo. Wao hawailinganishi bima na kukosa bima. Wanailinganisha na 1965.

Mwaka uliofuata, 1966, ikazaliwa NHIF. Ilikuwa ya lazima kwa wafanyakazi wenye mshahara wa shilingi 1,000 kwa mwezi na kuendelea. Mchumaji chai wakati huo hakuwa hata karibu na mshahara huo. Ilipofika 1972 mlango ukafunguliwa kwa wenye kipato kidogo kujiunga kwa hiari, lakini tusijidanganye, habari hiyo haikupanda vilima vyetu. Tena angalia jina lake: Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali. Hospitali, basi. Ililipia kitanda. Ukilazwa, ilikuwepo. Ukitibiwa na kurudi nyumbani na karatasi ya dawa mkononi, haikukujua.

Simlaumu aliyeibuni. Mwaka wa 1966 Kenya ilikuwa nchi ya vijana, na kilichowatia watu hofu kilikuwa ajali, uzazi mgumu, upasuaji, jambo la ghafla lenye bili kubwa. Hata Marekani ilifikiri hivyo. Medicare, bima ya serikali ya wazee wa kule, ilitiwa saini mwaka wa 1965, ikalipia hospitali na daktari, ikaziacha dawa za kumeza nyumbani. Sheria ya kuziongeza ilipita mwaka wa 2003 na ikaanza kazi Januari 2006. Miaka arobaini! Na hata ilipoanza ilikuwa na shimo katikati: mzee akifikisha kiasi fulani cha matumizi, bima inanyamaza, analipa mwenyewe, hadi avuke upande wa pili ndipo inasema tena. Wazee wa Chicago na Florida waligawa vidonge kwa kisu kama wanavyogawa wazee wa Mogogosiek. Bima hutungwa na watu wanaofikiria msiba mmoja mkubwa, na uzee ni msiba mdogo wa kila siku asubuhi baada ya chai.

Hata dawa za bure za zahanati hazikumlenga mzee. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa nchi za Skandinavia, serikali ilianza kupeleka dawa mashambani katika masanduku yaliyofungwa, kila zahanati sanduku lake, yaliyomo yakiwa yale yale. Ulikuwa mpango mzuri, dawa zikaacha kupotelea njiani. Lakini aliyepanga sanduku alikuwa na mtoto akilini: malaria, minyoo, kikohozi, vidonda. Mzee mwenye presha alikuwa mgeni katika sanduku hilo.

Kisha ikaja Desemba 1989. Mikopo ya nje na masharti yake ilikuwa imeibana serikali ya Moi, na ada zikarudishwa katika vituo vya afya na hospitali. Iliitwa kugawana gharama. Watu wakapungua foleni kwa kiasi ambacho kiliwashtua hata walioibuni, na Septemba 1990 ada ya kujiandikisha ikasimamishwa. Sehemu inayonivutia ni namna ilivyorudi. Kuanzia 1992 haikurudi kama ada ya kujiandikisha. Ilirudi kama ada ya matibabu, ya kutozwa mtu anapopata dawa. Wagonjwa walikuwa wamekataa kulipa ili waonwe tu na kuambiwa dawa hakuna, na serikali, angalau mara hiyo, iliwasikia. Hakuna aliyeandika kwamba wanakijiji wasiojua kusoma walishinda hoja ya uchumi, ila ndivyo ilivyokuwa. Hoja yao ilikuwa ile ile ya kogo na kidole chake.

Mwaka huo huo wa 1992 Bomet ilikatwa kutoka Kericho ikawa wilaya yake. Tukapata DC wetu na bendera yetu. Dawa tuliendelea kuzifuata Kericho, Kaplong, Tenwek au Litein.

Kogo alistaafu miaka ya mwisho ya 1990. Alipewa pesa zake za mwisho, akanunua ng'ombe na kuongeza chai kwenye kipande cha babu, chai ya kuuza kwa kiwanda cha wakulima wadogo chini ya KTDA. Presha yake iligunduliwa miaka kadhaa baadaye, siku alipoanguka kituoni cha kununulia majani, kapu likiwa bado mgongoni. Sukari ikafuata. Tangu hapo yeye ni mtu wa kliniki.

Miaka iliyofuata ada zilipandishwa na kushushwa mbele yake kama bei ya majani. Mwaka wa 2004 zikawekwa shilingi kumi kwa zahanati na ishirini kwa kituo cha afya. Juni 2013 zikafutwa kabisa katika ngazi hizo mbili, miezi michache tu baada ya ugatuzi kuanza, na vituo vyenyewe vikakabidhiwa kaunti. Kuingia bure, basi. Lakini sasa kaunti ndiyo iliyoagiza dawa kutoka KEMSA, na kaunti ikichelewa kulipa, lori nalo linachelewa. Mzee alijifunza somo jipya: kwamba mlango wa bure na kabati tupu vinaweza kukaa nyumba moja bila kugombana.

Mwaka wa 2015 NHIF ikapanda. Asiye na mwajiri alikuwa akilipa shilingi 160 kwa mwezi, ikawa 500. Ili kuisawazisha nyongeza hiyo, kwa mara ya kwanza matibabu ya kutibiwa na kurudi nyumbani yakafunguliwa kwa wanachama wote. Hapo, nadhani, ndipo bima ilipoanza kukaribia kidonge, miaka karibu hamsini baada ya kuzaliwa. Karibu wakati huo huo serikali ilikuwa imeanza mpango wa kuwalipia bima wazee na walemavu wa kaya maskini. Na mwaka wa 2018 Inua Jamii ikapanuliwa kwa kila aliyefika miaka 70 asiye na pensheni: shilingi 2,000 kwa mwezi, pamoja na ahadi ya NHIF.

Kogo alikuwa ndiyo kwanza ametimiza sabini. Pesa alizipata, kwa kuchelewa na kwa mafungu, mara miezi miwili pamoja, mara kimya. Kadi hakuiona. Jirani yake wa umri ule ule aliipata. Hakuna aliyeweza kueleza tofauti yao ni nini, na mzee wa kijiji alipoulizwa alisema majina yanatoka Nairobi. Hapa nataka kusema neno juu ya hisia, maana ndilo jambo ambalo takwimu hulipita. Wazee niliowasikiliza hawachukii kusaidiwa. Kinachowauma ni kuchaguliwa bila kujua kwa kipimo gani. Mtu aliyepanga foleni miaka thelathini kupimiwa kilo anajua mizani ni nini. Anajua pia mizani iliyochezewa. Akinyimwa kadi ambayo mwenzake amepewa, anaiona ile mizani ya zamani.

Oktoba 2023 mambo yakatujia hadi mlangoni. Tarehe 19 Rais Ruto alitia saini sheria nne za afya, mojawapo ikiwa ya kuivunja NHIF na kuiweka SHA mahali pake, na kesho yake Siku ya Mashujaa ikaadhimishwa Kericho penyewe, mada ikiwa afya kwa wote. Mji ulipakwa rangi. Wazee walibebwa kwa mabasi. Kogo alitazama kwa televisheni ya jirani, na lililomvutia zaidi lilikuwa gwaride. Baadaye mahakama zikaingia, Mahakama Kuu ikazitangaza tatu kati ya sheria hizo kinyume na katiba Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi.

Jina hilo kogo hulitamka kama anayefukuza kuku. Sha!

Kwenye karatasi, mpango huu unamwelewa mzee kuliko wowote uliotangulia, na ni haki kulisema hilo. Kuna mfuko wa afya ya msingi unaolipia zahanati na kituo cha afya bila mtu kutoa chochote, ilimradi amesajiliwa. Kuna mfuko wa bima unaolipia hospitali kwa walio na michango. Kuna wa tatu wa dharura na maradhi sugu. Neno "sugu" limeingia katika sheria. Mwaka wa 1966 halikuwemo. Na kuna wahamasishaji wa afya wa kijiji, wale wenye mikoba na vipimo vya presha, wanaopita nyumba kwa nyumba. Wa kwetu ni mama mmoja mchangamfu ambaye amegundua presha za watu ambao wangeanguka kama kogo alivyoanguka.

Tatizo liko kwenye maswali. Asiye na mshahara hupimwa uwezo kwa kuulizwa anavyoishi: ukuta wa nyumba, paa, choo, taa, mifugo. Kutoka kwenye majibu mtambo unatoa kiasi cha kulipa, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na analipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Kogo ana nyumba ya mabati aliyojengewa na wanawe, na taa ya umeme, na ng'ombe wawili. Alipomaliza kujibu alimuuliza yule mama, "Kwa hivyo ningekaa gizani ningelipa kidogo?" Mama hakuwa na jibu, na sidhani aliyeuandika mtambo analo. Mali ya mzee wa huku ni mapenzi ya watoto wake yaliyogeuzwa kuwa mabati. Huwezi kuyauza ukanunua kidonge.

Kima cha chini ni shilingi 3,600 kwa mwaka. Dawa zake zote mbili dukani hutugharimu karibu 1,200 kwa mwezi, yaani 14,400 kwa mwaka. Hesabu hiyo kogo aliifanya kabla yangu, kichwani, akichambua maharagwe. Bima ingemwokolea zaidi ya elfu kumi, lakini kwa sharti la dawa kuwepo. Zisipokuwepo, ni 3,600 juu ya 14,400. Anayesema wazee hawataki kulipa na aketi naye kwenye maharagwe.

Serikali ikaja na njia ya kukopeshwa mchango wa mwaka na kulipa kidogo kidogo, Lipa SHA Pole Pole. Mjomba wangu, ambaye ni shabiki wa serikali hadi usingizini, aliisifu sana. Kogo alimwuliza kama kuna mtu amewahi kumkopesha mtu wa miaka sabini na saba. Mwaka wa 2025 ikatangazwa pia kwamba serikali itawalipia wasiojiweza milioni 2.2 nchini. Kijijini orodha hiyo inangojewa kwa ukimya wa watu waliokwisha ngoja orodha nyingine.

Nisije nikaonekana naipinga kadi. Bomet ina saratani ya umio kuliko sehemu nyingi za dunia, na kwetu kila ukoo una mtu aliyeanza kwa kukwamwa na ugali, akaishia kumeza maji kwa shida. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Alipolazwa, bili yake ilikatwa kwa NHIF sehemu ambayo ingetuuzia shamba. Shamba lipo. Ukipita uliza wanawe wanaionaje bima, utasikia hadithi nyingine kabisa na isiyo na manung'uniko. Lakini hata hapo, kadi ilikuja mwishoni, kitandani. Watu wa maradhi makubwa wanaipenda bima na watu wa maradhi marefu wanaishuku. Mara nyingi ni mtu yule yule, miaka tofauti.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi hadharani. Dawa zikikosekana, wazee hawaachi ghafla. Wanagawa. Kogo alitusimulia kwa fahari ya mama wa nyumba anayejua kubana unga: siku anayojisikia vizuri hali, siku kichwa kikigonga anakula nusu. Kidonge cha mwezi kinafika miezi miwili. Muuguzi alipopima akakuta presha iko juu aliandika kitabuni kwamba dawa haifanyi kazi, akamwongezea nyingine. Kwa hiyo sasa zinakosekana mbili. Nilipojaribu kumweleza kogo kwamba presha haina kujisikia vizuri, kwamba inaua kimya, alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Hiyo mwambie mwenye kabati."

Jirani yake yule aliyepata kadi mwaka wa 2018 alianguka Machi iliyopita, upande mmoja wa mwili ukafa. Alilazwa wiki tatu. Bima ililipa sehemu kubwa ya kitanda. Pakiti alizokutwa nazo kwenye kifuko chake zilikuwa za Novemba.

Oktoba ilipofika bonasi ya chai ikalipwa. Ya upande wetu wa magharibi mwa Bonde la Ufa huwa chini ya ile ya wenzetu wa mashariki, na ya mwaka huu ilizua maneno na maandamano, lakini ni bonasi. Kogo aliniita, akafungua leso, akahesabu mbele yangu. Akatenga 3,600, akazikunja peke yake. "Hizi ni za kitanda," akasema. Nyingine akanipa mkononi, na pakiti mbili tupu juu yake, niende duka la dawa sokoni.

Mwenye duka alizigeuza zile pakiti, akavuta droo. "Ya mwezi au ya wiki mbili?"

Nikampigia kogo.

"Ya mwezi," akasema. Nikasikia akinyamaza, na kuku nyuma yake. "Hapana. Chukua ya wiki mbili. Jumanne wanaweza kuwa wameleta."